Mahubiri ya kutunza uumbaji yapimwa kwa gunia la makaa Kainuk

ANAYESAFIRI kutoka Kitale kuelekea Lodwar huingia Kaunti ya Turkana kupitia Kainuk, mji mdogo ulio mpakani na Pokot Magharibi. Mto Malmalte unapita hapo, bwawa la umeme la Turkwel haliko mbali, na hifadhi mbili za wanyamapori, Nasolot na Turkana Kusini, zinalizunguka eneo hilo. Kando ya barabara hiyo hiyo ndipo yanapopangwa magunia ya makaa, yakiwasubiri wasafiri na madereva wa malori.

Magunia hayo yanaibua swali ambalo makanisa ya Kenya yamekuwa yakilizunguka kwa miaka mingi. Ikiwa dunia ni mali ya Mungu na mwanadamu ni mtunzaji tu, Mkristo aambiwe nini anapoangusha mgunga ili watoto wake wapate kula jioni hiyo?

Swali hilo ni zito kwa sababu wauzaji wengi si wafanyabiashara wakubwa. Ni akina mama waliopoteza mbuzi wao kwa ukame au kwa wezi wa mifugo. Takwimu za serikali za mwaka 2022 ziliiweka Turkana katika nafasi ya kwanza kwa umaskini nchini, zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wake wakiwa chini ya kiwango cha ufukara. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwaka 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika maeneo kame ya Kenya. Mfugaji asiye na mfugo hubaki na mikono yake, shoka na mti ulio karibu.

Mafundisho yenyewe hayana upungufu. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya pili, kinamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Zaburi ya 24 inaanza kwa kukiri kwamba nchi na vyote viijazavyo ni vya Bwana. Sura ya 20 ya Kumbukumbu la Torati inakwenda mbali zaidi: inawakataza hata askari wanaouzingira mji wa adui kuikata miti yake ya matunda. Sheria hiyo ni ya zamani mno, lakini katika eneo ambalo bunduki na mti vimekaa jirani kwa miaka mingi, inasikika kama iliyoandikwa jana.

Hata hivyo, kwa muda mrefu Ukristo umelaumiwa kwa kuufunga ukurasa huo. Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani, Lynn White, alichapisha katika jarida la Science makala iliyodai kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira iko katika namna Ukristo wa Magharibi ulivyomfundisha mwanadamu kujiona mtawala wa viumbe vyote. Wanateolojia wengi waliipinga hoja hiyo, ila waliipinga kwa kurudi kuyasoma upya maandiko yao wenyewe.

Matunda ya usomaji huo yalionekana mwaka 2015 Papa Francis alipotoa waraka wa Laudato Si', uliosisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini haviwezi kutenganishwa. Novemba mwaka huo alizuru Nairobi, akahutubia katika makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira huko Gigiri na kupanda mti. Mwaka 2023 alitoa waraka wa pili, Laudate Deum, akionya kwamba hatua zilizochukuliwa hazitoshi. Papa huyo alifariki Aprili 2025, na nyaraka zake zimebaki kuwa mzigo kwa wale walioachiwa kuzitekeleza.

Mzigo huo ni mzito zaidi mahali kama Kainuk, kwa kuwa huko kanisa halikukuta watu wasiojua thamani ya mti.

Miongoni mwa Waturkana, hasa kandokando ya Mto Turkwel, mti haukuwa wa kila apitaye. Familia ilikuwa na sehemu yake ya ukingo, iitwayo ekwar, ambamo ilikuwa na haki ya kuvuna maganda na matunda wakati wa kiangazi. Mgeni alipaswa kuomba. Haki hiyo ilirithiwa, na iliambatana na wajibu wa kuangalia kinachoendelea katika sehemu hiyo. Mtaalamu wa misitu, Edmund Barrow, aliyeichunguza desturi hiyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1990, alionyesha kwamba mpango huo ulikuwa na kanuni zinazoeleweka na wazee wa kuzisimamia.

Sababu yake ni ya maisha na kifo. Mgunga unaoitwa ewoi huzamisha mizizi hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, kwa hiyo hubaki na majani wakati nyasi zimekwisha. Maganda yake huwalisha mbuzi katika miezi migumu kuliko yote. Mkoma, ambao Waturkana huuita eengol, hutoa tunda la kuliwa na majani ya kusuka vikapu. Mbegu za edapal huchemshwa kwa muda mrefu ndipo ziliwe wakati wa njaa. Chini ya mti ndipo wazee hukutana, na ndipo maamuzi ya jamii hutolewa.

Wakristo wa Turkana humwita Mungu Akuj, jina lile lile ambalo babu zao walimwita walipoomba mvua. Jina lilivuka kutoka dini ya kale hadi kanisani. Ekwar haikuvuka. Katika mafundisho ya mwanzo, mti ulibaki kuwa jambo la mila au la wataalamu wa misitu, nje ya mlango wa ibada.

Historia inaeleza kwa nini. Chini ya utawala wa kikoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa kwa wageni, na wamisionari walipata nafasi mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Lokori mwaka 1959, na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland waliingia mwaka 1961, wakati wa njaa kali. Lodwar ilifanywa eneo la kimisionari linalojitegemea mwaka 1968 na kuwa jimbo kamili la Kanisa Katoliki mwaka 1978.

Kanisa lililozaliwa katika njaa lilijenga kile ambacho njaa ilidai: vituo vya chakula, zahanati, shule na visima. Maelfu ya watu wako hai leo kwa sababu ya kazi hiyo. Lakini chakula na kisima viliwavuta watu wakae mahali pamoja, karibu na misheni na barabara, na idadi ya watu ilipoongezeka mahali hapo, miti ya jirani ikawa ya kwanza kuangamia. Aliyehama kwenda mjini hakuwepo tena mtoni kuilinda ekwar yake. Hakuna aliyekusudia hivyo. Ndivyo ilivyotokea.

Mti wa mathenge unatoa somo la namna hiyo hiyo. Baada ya ukame wa mwaka 1979 hadi 1981, ulipandwa sehemu nyingi za maeneo kame ya Kenya ili kuzuia mchanga na kutoa kuni. Ulikubali mno. Ulijaza mabonde na kuziba njia za mifugo. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Miaka miwili baadaye mti huo ulitangazwa rasmi kuwa magugu hatari. Nia njema ya kupanda, pasipo kuuliza wenye nchi, ilizaa adha.

Somo hilo linafaa kukumbukwa sasa ambapo Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, mpango uliozinduliwa Desemba 2022. Makanisa mengi yameitikia wito huo kwa siku za kupanda miche. Katika nyanda za juu zenye mvua, jambo hilo lina maana kubwa. Kainuk, mche uliopandwa bila maji na bila uzio huwa chakula cha mbuzi ndani ya juma moja. Ewoi wa miaka mingi anayeangushwa siku ile ile hawezi kulipwa na miche mia moja.

Hapo ndipo tofauti ya msingi inapojitokeza. Kuvipenda viumbe vya Mungu katika nchi kame huanza na kuuacha usimame mti uliokwisha kuota. Kazi hiyo haipigwi picha kwa urahisi, haina sherehe wala mgeni rasmi, na inamgusa mtu mfukoni kila siku.

Aliyeeleza vizuri hasara ya kuusahau mti wa aina hiyo ni Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, aliyesomeshwa na watawa wa Kikatoliki. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 2006, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni kwenye mkuyu uliokuwa karibu na kijito, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Miaka mingi baadaye mmiliki mpya aliukata apate nafasi ya kupanda chai. Kijito nacho kikakauka. Maathai hakuona mgongano kati ya imani yake na heshima ya mama yake kwa mkuyu. Alichokiona ni elimu mpya iliyofika bila kuuliza ya zamani ilikuwa inalinda nini.

Wapo wanaosema kwamba kumhubiria mchoma makaa habari za mazingira ni kumwonea. Hoja hiyo ina uzito, kwani mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Amri ya serikali ya Februari 2018 iliyosimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma ilikuja na msako dhidi ya biashara ya makaa. Msako wa namna hiyo unapomnyang'anya mama gunia lake barabarani, humwacha na njaa ile ile iliyomtuma msituni. Mahubiri yanayoishia kwenye katazo yatakuwa na mwisho huo huo.

Lakini hoja hiyo ikifikishwa mwisho wake, inamgeukia maskini mwenyewe. Mti uliokatwa humpa mama fedha mara moja. Uliosimama huwapa mbuzi wake, au wa jirani yake, chakula kila kiangazi. Miti ya mtoni ikiisha, hata atakayejaliwa kupata mbuzi wengine hatakuwa na mahali pa kuwalisha mvua itakapokosekana. Kumwacha akate kwa kisingizio cha huruma ni kumsaidia kula mbegu.

Pia si haki kumwekea mchoma makaa lawama yote. Maji yanayoistawisha misitu ya Turkwel hutoka mbali: Mto Suam huanzia Mlima Elgon, na Malmalte hupata maji yake katika vilima vya Cherangani. Msitu ukikatwa huko juu, anayeumia kwanza yuko bondeni. Bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa urefu wa mita 153 na mitambo ya megawati 106, lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kubadilisha mtiririko wa mto. Mafuriko ya msimu ndiyo yaliyokuwa yakieneza matope yenye rutuba na kujaza maji ya chini ya ardhi, na wanaikolojia wameonya kwamba misitu ya ukingoni hutegemea mafuriko hayo ili miche mipya iote. Teolojia inayomwona mwenye shoka na kutomwona mwenye bwawa ni teolojia yenye jicho moja.

Vivyo hivyo kwa mafuta yaliyogunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia 1, kaskazini mwa Kainuk. Kati ya mwaka 2018 na 2019 malori ya mafuta ghafi yalipita barabara hiyo hiyo ya makaa kwenda Mombasa, na shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo Agosti 2019. Wakazi waliyafunga malori hayo njia mwaka 2018 wakidai usalama na ajira. Kanisa linalodai kusikia kilio cha dunia na cha maskini kwa pamoja lina la kusema kuhusu nani atakayebaki na ardhi safi, na nani atakayebaki na mashimo.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni usalama. Mpaka wa Turkana na Pokot umemwaga damu kwa vizazi kadhaa. Februari 2023, baada ya polisi kushambuliwa na kuuawa katika barabara ya Kainuk, serikali ilitangaza operesheni ya polisi na jeshi katika kaunti sita za Bonde la Ufa, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo.

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Kainuk methali hiyo ni habari ya kila siku. Malisho mazuri ya mpakani hubaki bila kuliwa kwa kuwa hakuna anayethubutu kupeleka ng'ombe. Watu nao husongamana mjini na kando ya barabara palipo na polisi, wakikata kila mti ulio umbali wa kutembea na kurudi salama. Hofu ndiyo inayochora ramani ya ukataji. Kwa hiyo mkutano wa amani baina ya wazee wa pande mbili ni kazi ya kutunza mazingira, hata kama hakuna mche hata mmoja uliopandwa siku hiyo. Makanisa, yaliyo na waumini katika jamii zote mbili, yana nafasi ambayo afisa wa misitu hana: padre au mchungaji anaweza kuketi na Mturkana asubuhi na Mpokot jioni, akazungumza na wote kuhusu mto mmoja.

Upande wa kaskazini, Kakuma imeonyesha kwamba mgogoro wa kuni unaweza kupunguzwa kwa mpangilio. Tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka 1992 kando ya Mto Tarach, kuni zimekuwa chanzo cha ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji. Kwa miaka kadhaa shirika la wenyeji, LOKADO, limesimamia ugavi wa kuni na majiko yanayotumia kuni kidogo. Tatizo halikwisha, lakini lilipata wa kulisimamia na kanuni za kufuata.

Katika pwani ya Kenya upo mfano unaolikaribia zaidi swali la Kainuk. Shirika la Kikristo la A Rocha Kenya, lililoanza kazi Watamu mwaka 1999, lilitambua kwamba wazazi wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walikata miti ili kulipa karo. Lilianzisha mpango wa kuwalipia wanafunzi wa sekondari sehemu ya karo, likitumia pia ada za watalii wanaotembelea msitu huo na mikoko ya hori la Mida. Familia nazo huahidi kuuacha msitu usimame. Mpango huo hauwezi kuhamishwa jinsi ulivyo hadi Turkana, ambako watalii ni wachache. Kinachohamishika ni kanuni yake: anayemwomba maskini auache mti asimame naye katika kulipa gharama ya kuuacha.

Kanuni hiyo ikifuatwa Kainuk, hatua ya kwanza iko jikoni. Shule, zahanati na nyumba za misheni zote hupika. Taasisi ya kanisa inayonunua makaa ya ewoi Jumamosi haiwezi kuyakemea Jumapili. Zikikubaliana kununua makaa ya mathenge pekee, zitampa mama soko, zitapunguza magugu na kuupumzisha mgunga. Makaa ya mathenge yanauzwa tayari katika maeneo kadhaa ya nchi, hivyo hakuna jambo jipya la kuvumbua.

Hatua ya pili ni kuirudishia ekwar heshima yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi zao na kujitungia kanuni za matumizi. Wazee wanaokumbuka mipaka ya ekwar wanazeeka. Kanisa lina makatekista, lina vikundi vya akina mama na lina watu wanaojua kuandika karibu katika kila kijiji. Kuziandika kanuni hizo kabla hazijazikwa pamoja na wazee hao ni huduma inayohitaji daftari na subira kuliko fedha.

Hatua ya tatu inahusu kalenda. Kila mwaka, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 4, makanisa mengi duniani huadhimisha Majira ya Uumbaji. Katika nchi nyingi ni wakati wa kupanda miti. Turkana wakati huo ni kiangazi, na mche hauna nafasi. Mti mkubwa, kwa upande wake, ndio unaobeba uhai wa mbuzi wakati huo. Ibada ya majira hayo ingefanyika chini ya ewoi, mbele ya wazee, familia zikitaja hadharani miti zinayoahidi kuilinda hadi mvua inyeshe, ingefundisha jambo ambalo waumini wanaweza kulihesabu: mwaka ukipita, miti iliyotajwa ama ipo, ama haipo.

Kipimo hicho ni kikali, na pengine ndiyo sababu kimekwepwa. Takwimu za miche iliyopandwa hujaza ripoti bila kumuudhi mtu. Hesabu ya miti iliyobaki mtoni humuuliza kila mmoja alichokifanya: mama mwenye shoka, misheni yenye jiko, dereva mwenye lori, kaunti yenye bajeti ya ukame na serikali yenye bwawa. Makanisa ya Kainuk yana mimbari ya kuiuliza hesabu hiyo. Yakiamua kuiuliza, itawabidi wahubiri wajiandae kujibu kwanza kwa niaba ya majiko yao wenyewe.